Amitriptilini haishiki nafasi ya Valium

Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, katika soko la Kadutu hapa Bukavu, Kongo, alifungua fundo la kitenge chake na kuniwekea mezani vimfuko viwili vya plastiki. Kimoja kilikuwa na vinini (vidonge) vinne vya diazepamu, yaani Valium, ya miligramu 5, ambavyo alisema havihitaji tena. Cha pili kilikuwa na amitriptilini, dawa ya sonona, ya miligramu 25, na juu yake muuzaji wa dawa alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu “1 soir”, yaani kimoja jioni. Mama huyo alikuwa amemeza vinini viwili vya Valium kila usiku kwa miaka mitatu, na sasa, kwa siku tisa, hakuwa amevigusa kabisa. Mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba fundo lile lilimshinda kulifunga tena. “Munganga (daktari), nilibadilisha tu dawa,” aliniambia. “Hii mpya ndiyo imenigonjesha.”

Nilibadilisha tu dawa. Maneno hayo nimeyasikia kwa walimu wa Bagira, kwa madereva wa teksi wanaopakia Nyawera, kwa wajane wa Panzi ambao usingizi uliwakimbia tangu siku walipoyahama makazi yao, na, jambo linaloniudhi kuliko yote, kwa wagonjwa walioshauriwa hivyo na watu wa kazi yetu wenyewe. Sina ugomvi na amitriptilini, kwa maana naiandika karibu kila siku. Ugomvi wangu ni na wazo kwamba dawa ya sonona yenye kuleta usingizi inaweza kumeza deni ambalo benzodiazepini, jamii ya dawa za kutuliza ambamo Valium imo, imeacha mwilini.

“Zote mbili zinalaza, basi moja itashika nafasi ya nyingine”

Usingizi ni matokeo tu, na njia za kuufikia ni nyingi. Diazepamu, lorazepamu, bromazepamu, alprazolamu na ndugu zao hushika kipokezi cha GABA, kemikali inayotuliza ubongo, ambacho ndicho breki yake, na kukifanya kiitikie kwa nguvu zaidi. Breki hiyo ikikanyagwa kila usiku na mguu wa kukopa, kwa miezi au miaka, ubongo huulegeza mguu wake wenyewe: vipokezi huitikia kidogo kuliko zamani, na mifumo inayochangamsha mishipa ya fahamu hujiongezea nguvu ili mizani isipotee. Siku mguu wa kukopa unapoondolewa ghafla, gari hushuka mlima bila kizuizi, na hapo ndipo tunapoona kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, masikio yasiyovumilia hata kelele za watoto, kuchanganyikiwa, na kwa baadhi ya wagonjwa kuanguka kifafa.

Amitriptilini haigusi breki hiyo. Inalaza kwa sababu inazuia vipokezi vya histamini, kwa namna ileile ambayo baadhi ya dawa za zamani za mafua na mzio humfanya mtu asinzie, na kazi yake nyingine, ya kuongeza kemikali za serotonini na noradrenalini kati ya seli za ubongo, huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana katika hali ya moyo wa mgonjwa. Hata mirtazapini na trazodoni, dawa nyingine za sonona, kwa wachache wanaozipata hapa mjini, hulaza kwa kupitia njia zisizo za GABA. Kumpa mtu amitriptilini badala ya Valium ni kuzima taa ndani ya gari lililokosa breki: abiria atasinzia, gari litaendelea kushuka. Tena kuna jambo baya zaidi, ambalo wauzaji wengi wa dawa hawalitaji: amitriptilini yenyewe hushusha kizingiti cha kifafa, yaani kifafa huweza kuanza kwa urahisi zaidi. Kwa mtu mzima asiye na tatizo hilo, dozi ndogo haina neno kubwa, lakini kwa mtu aliyekatiwa benzodiazepini jana, tunakuwa tumeondoa kinga na papo hapo tumesogeza mlango karibu.

Kinachoifanya dhana hii isife ni kwamba mwanzoni huonekana kuwa kweli. Diazepamu haitoki mwilini haraka. Ini huigeuza kuwa desmetildiazepamu, ambayo nayo inafanya kazi na huchukua takriban siku 2 hadi 4 kupungua kwa nusu, na kwa wazee muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mgonjwa anayeacha Valium Jumapili na kuanza amitriptilini usiku uleule hulala vizuri Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kwa kuwa dawa ya zamani bado imo ndani na mpya imeongezwa juu yake. Anawasimulia majirani kwamba amepona. Mwisho wa wiki, au katika wiki ya pili, mabaki yanapopungua, tetemeko linaanza, na kwa kuwa dawa pekee anayoiona mkononi ni amitriptilini, analaumu hiyo. Anaitupa, anarudi kwa Valium, anatulia ndani ya saa moja, na kuanzia siku hiyo anaamini mambo mawili ya uongo kwa pamoja: kwamba dawa ya sonona ni sumu, na kwamba yeye hawezi kamwe kuishi bila Valium. Mama wa sambaza alikuwa katika siku ya tisa. Kwa wanaotumia lorazepamu au alprazolamu, zinazotoka mwilini upesi, dhoruba huweza kufika ndani ya siku 1 hadi 3, na angalau wao hawadanganywi na wiki ya kwanza.

Nilifanya nini? Nilimrudishia diazepamu yake, miligramu 10 usiku, na nikaiweka amitriptilini kando, kwa kuwa miligramu 25 za siku tisa zinaweza kuachwa bila taabu na kwa kuwa nilitaka kuona kitu kimoja kikibadilika kwa wakati mmoja. Hilo la mwisho ndilo shauri ninalolirudia hadi wanafunzi wangu wanachoka kunisikia: ndani ya wiki mbili, badilisha jambo moja tu. Ukipunguza Valium, usiguse amitriptilini. Ukiongeza amitriptilini, usipunguze Valium. Vinginevyo, usiku mbaya ukija, hakuna mtu duniani atakayeweza kukuambia umetoka wapi.

Kisha tukaanza kukata. Miongozo ya sasa inashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki 2 hadi 4, na kutozidi asilimia 25 kila wiki 2. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu benzodiazepini huko Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, alikuwa akipunguza kwa mwendo unaokaribiana na huo, na alimwachia mgonjwa mwenyewe kuamua kasi. Hapa Bukavu hesabu hiyo inafanywa kwa wembe juu ya sahani. Kinini cha miligramu 5 kikigawanywa mara nne kinatoa vipande vya miligramu 1.25. Anayemeza miligramu 10 akiondoa kipande kimoja amepunguza sehemu moja ya nane, na wengi huvumilia. Lakini kipande hichohicho kikiondolewa kwa mtu aliyefikia miligramu 2.5 ni nusu nzima ya dozi yake, na hapo ndipo watu wanaposhangaa kwa nini mwisho wa safari ni mgumu kuliko mwanzo. Kwa hiyo chini ya miligramu 5 natafuta vinini vya miligramu 2, ambavyo nusu yake ni miligramu 1, na ninarefusha muda kati ya hatua. Ukiwa na amitriptilini au huna, kalenda ni ileile. Dawa ya sonona haimpi mtu ruhusa ya kuruka hata hatua moja.

Kwa nini basi niiandike? Kwa sababu wengi waliofika kwa Valium walifikishwa na kitu fulani, na kitu hicho mara nyingi ni sonona ambayo hakuna aliyeiuliza, au hofu ya miaka mingi. Hao wanahitaji matibabu, na ni afadhali yaanzishwe wiki kadhaa kabla ya kipande cha kwanza kukatwa, ili dawa iwe imeshika. Wengine wamekosa usingizi kabisa katikati ya upunguzaji, na miligramu 10 hadi 25 za amitriptilini, saa moja au mbili kabla ya kulala, huwasaidia kuvuka. Ni msaada, na msaada wenye ushahidi mdogo: mapitio ya Cochrane, mtandao unaopima ushahidi wa tafiti za tiba, ya mwaka 2018 kuhusu dawa za kusaidia kuacha benzodiazepini yalikuta ushahidi hafifu kiasi cha kutoruhusu hitimisho thabiti kwa dawa yoyote. Anayekuahidi kwamba kinini fulani kitakuvusha bila kuhisi kitu anakuuzia kinini.

“Sikulala usiku wa kwanza, nikameza tatu”

Dhana hii naijibu kwa maneno machache kwa sababu haivumiliki. Usiku wa kwanza haupimi chochote, na dozi haipandishwi kabla ya wiki moja kupita, tena kwa ushauri wa aliyeiandika. Amitriptilini ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, na akiba ya mwezi mmoja ikimezwa kwa pamoja inaweza kumuua mtu mzima. Kwa mtoto mdogo, vinini vichache tu vinatosha. Mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua namwandikia ya wiki moja, hata kama analalamikia nauli, na kimfuko kinakaa kwa ndugu yake, si chini ya mto wake.

“Ni dawa ya wazimu, na nitakuwa mtumwa wake mpya”

Amitriptilini imekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hutumiwa pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kuzuia kipandauso, kwa watu ambao hakuna aliyewaita wazimu. Haiwashi tamaa ya kutafuta zaidi na zaidi. Lakini baada ya wiki nyingi haiachwi kwa siku moja, kwani kichefuchefu, wasiwasi na ndoto kali zinaweza kufuata. Nayo hupunguzwa hatua kwa hatua. Kwa hiyo anayefurahia kumaliza Valium na kutupa vyote viwili asubuhi hiyohiyo anajitafutia taabu. Valium kwanza, kisha mapumziko ya wiki kadhaa, ndipo amitriptilini.

“Kutetemeka huku ni ule ugonjwa wa zamani umerudi”

Pengine, lakini kwanza nauliza tarehe. Dalili zilizoanza siku chache baada ya kukata kipande, zenye mambo ambayo mgonjwa hakuwahi kuwa nayo kabla ya Valium, kama ganzi za vidole, macho kuumizwa na mwanga au masikio kuvuma, ni za kuacha dawa, na kwa kawaida hutulia ukisimama palepale ulipo. Familia nyingine huniambia kwamba mtu wao ametupiwa kitu. Sibishani nao sana. Naomba tu wanioneshe vimfuko vyote vilivyomo nyumbani, na mara nyingi jibu limo humo.

Kuhusu chupa ya bia ya Primus au kasiksi, pombe ya ndizi, “ya kusaidia dawa ishike”, sina subira hata kidogo. Pombe inakanyaga breki ileile ya GABA, na inapotoka mwilini alfajiri inaongeza dalili za kuacha dawa juu ya zile zilizokuwapo. Ikichanganywa na diazepamu na amitriptilini, mtu anaweza kulala usingizi ambao pumzi yake haiufuati. Tramadoli, dawa kali ya maumivu ambayo vijana wetu wanaimeza kama pipi, ni mbaya kwa njia tatu: pamoja na benzodiazepini hupunguza pumzi, pamoja na amitriptilini huongeza hatari ya kifafa, na tena hiyo tramadoli na amitriptilini kwa pamoja huweza kuzidisha serotonini. Anayeitumia aseme kabla sijashika kalamu. Sitampigia kelele.

Na wapo ambao siwapi amitriptilini hata wakiniomba: mzee anayekojoa kwa shida kwa sababu ya tezi dume, mwenye glakoma ya pembe finyu, ugonjwa wa shinikizo ndani ya jicho, mwenye moyo wenye kasoro ya mapigo, na yule ambaye familia yake inakumbuka majuma ya kutolala, kusema bila kikomo na kugawa mali, kwa kuwa dawa ya sonona peke yake inaweza kumrudisha huko. Dereva wa moto, yaani pikipiki, naye anapaswa kujua kwamba uzito wa asubuhi ni wa kweli, hasa siku za kwanza, na kwamba mteremko wa kuelekea Kadutu haumsubiri mtu anayesinzia. Wazee wanaomeza dawa hizi mbili huanguka usiku wakienda msalani. Waketi kwanza ukingoni mwa kitanda, wahesabu hadi thelathini, ndipo wasimame.

Mama wa sambaza sasa yuko kwenye miligramu 8.75. Hajui kuandika, kwa hiyo binti yake, mwanafunzi wa sekondari, anamtunzia daftari la mraba: safu moja ya vipande vilivyomezwa, moja ya saa za usingizi, moja ya mikono. Katika safu ya mikono binti hachori namba. Kila jioni humpa mama yake uzi na sindano, na huandika kama uzi umepita.