Video ya mafunzo haihitaji 4K ili isomeke

Wengi wanaoanza kurekodi skrini kwa ajili ya mafunzo huamini kwamba wakinunua programu ya bei kubwa na kurekodi kwa 4K, maandishi yatasomeka vizuri. Sivyo. 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, mara 4 ya zile za 1920 kwa 1080. Ukirekodi skrini pana hivyo bila kukuza maandishi, kila herufi huchukua sehemu ndogo zaidi ya picha. Anayetazama kwenye simu ataona menyu kama safu ya sisimizi.

Dawa ni kukuza kabla ya kuanza kurekodi. Kwenye mipangilio ya Windows weka ukubwa wa 150%, kuza kivinjari kwa Ctrl na +, halafu rekodi sekunde 20 uzitazame kwenye simu yako. Ukilazimika kukodoa macho kusoma jina la kitufe, kuza tena. Fremu 30 kwa sekunde zinatosha kabisa.

Kuhusu bei, OBS Studio, programu ya kurekodi skrini, ni ya bure, haibandiki nembo wala haina kikomo cha muda. Ila haihariri video. Kukata utafanyia kwingine. Rekodi kwa MKV, aina ya faili ya video unayoichagua kwenye mipangilio, maana umeme ukikatika katikati ya somo, faili ya MP4 ya kawaida huweza kugoma kufunguka, ilhali MKV hubaki na ulichokwisha kurekodi.

Na sauti, tafadhali: sogeza maikrofoni karibu na mdomo. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini mwangwi humchosha upesi.