Uyoga wa shinani mwa mchikichi usiuzwe kama lingzhi

Tangu mvua zianze tumepokea malalamiko kutoka Ujiji na Mwanga kuhusu unga wa kahawia wa uyoga unaoota shinani mwa michikichi, unaouzwa kwenye chupa za maji kwa jina la "lingzhi ya Kigoma". Lingzhi ni uyoga wa dawa wa Kichina. Wauzaji wanasema wanasayansi wameuchunguza uyoga huo hadi kwenye jeni na kuthibitisha kuwa unatibu kisukari, presha na saratani. Wengi wao wanaamini wanachokisema, ndiyo maana tunaanza na elimu.

Utafiti upo. Mwaka 2012 jenomu ya lingzhi, yaani ramani ya vinasaba vyake vyote, ilichapishwa katika jarida la Nature Communications: herufi milioni 43.3 za DNA, kromosomu 13, jeni 16,113. Zilikutwa jeni nyingi za vimeng'enya vya kuvunja lignini, kitu kinachoupa mti ugumu, na nyingine za kundi la vimeng'enya liitwalo P450 zinazohusika na triterpenoidi, kemikali zenye uchungu. Kusoma jenomu si kupima dawa. Hili tumelirudia mikutanoni mara nyingi mno. Walioangalia wagonjwa wa saratani ni waandishi wa mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, nao hawakupata ushahidi wa kutosha kuufanya uyoga huu tiba ya kwanza.

Wachina wameutumia kwa zaidi ya miaka 2,000, wakiuchemsha kuupa mwili nguvu. Tunauheshimu ujuzi huo kama tunavyouheshimu wa wazee wetu, ila unahusu uyoga wao. Jina la kisayansi ambalo lingzhi imekuwa ikiitwa, Ganoderma lucidum, lilianzia kwenye uyoga wa Uingereza, na wataalamu sasa wanauhesabu ule unaolimwa China kuwa spishi nyingine. Kama maabara zilichanganya, mtu wa Uvinza atautambuaje kwa mng'ao tu? Jamii za Ganoderma ni nyingi, na baadhi huozesha michikichi. Malaysia na Indonesia zimepata hasara kubwa. Ukiona kofia ngumu inayong'aa shinani mwa mchikichi wako, mwite afisa ugani kabla ya mnunuzi.

Kuhusu usajili, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002 inamhusu tabibu, kituo chake na dawa yake, kila kimoja peke yake. Cheti cha tabibu hakisajili dawa. Leseni ya biashara haisajili dawa. Risiti ya fomu si kibali. Anzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha umwone mratibu wa tiba asili wa halmashauri, ujaze fomu, ndipo maombi yaende kwa Msajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Dawa nayo hupimwa usalama maabara, kwa mfano kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kuuza bila usajili ni kosa linaloweza kukuletea faini au kifungo.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiuguse unga huu kabla ya kuzungumza na daktari. Zipo pia taarifa za kitabibu za watumiaji wa unga wa lingzhi walioharibika ini. Kama umeshaanza kuunywa, njoo kliniki na chupa yake. Hakuna atakayekugombeza; tunachotaka kujua ni ulichokunywa na umekinywa kwa muda gani.