Cheti cha macho si cheti cha mwezi

Huyu ni wa tatu mwaka huu kwenye chumba changu cha kupimia macho. Mzee wa watu katoka Wesha, hapa Pemba, kanzu imenyooka kwa pasi, kakaa kitini, kasoma herufi zote mpaka mstari wa 6/6, ule wa macho mazima, bila kukosa hata moja, kisha ndipo akanieleza kilichomleta. Hataki miwani. Anataka cheti. Jioni ya tarehe 29 Shaabani aliuona mwezi mwandamo, yeye peke yake kati ya watu kumi na kitu waliosimama pwani, na barazani wanamcheka mpaka leo. "Niandikie, mwanangu, na muhuri utie, kwamba macho yangu mazima. Nimeuona kwa macho yangu haya yatakayoliwa na mchanga."

Wa kwanza alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba la mikarafuu. Wa pili alimwona mtu fulani juu ya Vespa kampakia mtu fulani, na hapo naishia.

Jamani, 6/6 ni herufi nyeusi juu ya ubao mweupe, mwanga wa kutosha, mita 6, na wewe umeshaambiwa kuwa unachotafuta ni herufi. Ukizisoma umenionyesha kwamba kipande kimoja katikati ya retina yako, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, chenye upana wa kama milimita moja na nusu, kinafanya kazi yake. Basi. Sijapima ulichokiona juzi magharibi. Sijapima hata ukingo wa jicho hilo hilo.

Na hapo ndipo damu inaponichemka. Chini ya maombi haya ya vyeti kuna imani moja: kwamba jicho ni kamera, likiwa zima picha imetimia, na likiharibika picha itaingia giza na mwenyewe utajua. Hutojua! Kila mwezi huja mtu kumsindikiza mkewe, nikamwambia na wewe kaa nikutazame, akacheka, "mie naona vyema tu, dakta." Nikitazama ndani, neva ya jicho imeshaliwa na presha ya jicho, na uoni wa pembeni umekwenda zamani. Herufi anazisoma vizuri kabisa.

Mabango huchora ugonjwa huu, glaukoma, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba jeusi. Mchoro huo siupendi hata kidogo, kwa sababu watu hukaa wakiusubiri weusi. Wagonjwa wangu hawanielezi weusi. Wananieleza mlango uliowagonga bega, baiskeli iliyotokea ghafla, mjukuu aliyekuja miguuni hawajui kapita wapi. Ubongo ukikosa habari za pahala hauweki tundu, unachukua kilicho jirani na kukitandaza juu yake, ukuta unaendelea kuwa ukuta na njia inaendelea kuwa njia. Anachokiona mtu huyu ni kizuri, hakina doa, na nusu yake ni ya kubuni.

Wenye macho mazima wasicheke. Chukua karatasi, chora msalaba mdogo kushoto na nukta kulia, baina yake sentimita 8. Funga jicho la kushoto, ukodolee msalaba kwa la kulia, usogeze karatasi polepole. Kwenye kama sentimita 30 nukta itatoweka. Pale neva inapotokea nyuma ya jicho hapana kinachopokea nuru, na umetembea na shimo hilo tangu kuzaliwa bila kuliona. Nilimfanyia hivyo mzee wa Wesha. Alirudia mara nne, kisha akasema karatasi yangu mbovu.

Rangi nazo, kwa ufupi. Bibi mmoja alitolewa mtoto wa jicho upande wa kulia, wa kushoto ukasubiri. Akaja kunishitakia kwamba kanga yake nyeupe ina rangi mbili: akifumba hili ni nyeupe inayokwenda kwenye samawati, akifumba lile ni kama imechovywa kwenye chai. Miaka yote hiyo alikuwa akitazama kupitia lenzi ya rangi ya chai na nyeupe akaiona nyeupe, kwa kuwa ubongo ulikuwa ukiitoa chai kimya kimya. "Sasa lipi linasema kweli?" Nilimjibu lile jipya. Nikijiuliza usiku sina uhakika na jibu langu, maana baada ya miezi ule usamawati humpoa mtu na lenzi ya bandia ni ile ile.

Sasa mwezi, kwa sababu mzee hakuniacha. "Kama macho yanadanganya, mbona mwezi mpevu ukichomoza Vitongoji watu wote tunauona mkubwa kama sinia? Hewa ya chini inaukuza." Hapana. Hapana kabisa, na naomba walimu wa skuli waache kuwafundisha watoto hivyo. Hewa ya upeoni huubonyeza mwezi kidogo juu na chini, haiukuzi. Tena ukiwa upeoni uko mbali nasi zaidi kuliko ukiwa utosini, kwa kama kilomita 6,000, kwa hiyo kwa haki ungeonekana mdogo kwa chembe. Nyoosha mkono, weka ukucha wa kidole cha mwisho juu yake: unaufunika wote na nafasi inabaki. Rudia saa sita za usiku, ni vile vile. Au viringisha karatasi uutazame ndani yake, sinia linageuka kisahani.

Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa elimu ya nuru na macho aliyezaliwa Basra mwaka 965, alishasema kwamba ukubwa huo uko kwa mtazamaji na si mbinguni. Maelezo yanayotokana na njia hiyo ni haya: baina yako na mwezi wa upeoni kuna maji, ngalawa na minazi, ubongo ukahukumu kwamba uko mbali sana, na kitu cha mbali chenye picha ile ile lazima kiwe kikubwa. Tamu hiyo. Mpaka umuulize mtu upi uko karibu, wa chini au wa juu. Karibu wote hunijibu wa chini, mkubwa! Hesabu ikavunjika. Wapo wanaojibu kwamba ubongo hukadiria mara mbili, wapo wenye maelezo mengine, na mie tangu chuoni sijaridhishwa na hata moja. Kwa nini unaonekana mkubwa, kwa ukamilifu wake, hatujui.

Husimuliwa kwamba Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, utu uzima umemwingia, aliuona mwandamo ambao wenziwe hawakuuona. Kadhi Iyas akampangusa unywele mweupe wa nyusi uliokuwa umeshuka mbele ya jicho, akamwambia haya tuonyeshe. Hakuuona tena.

Lakini nyusi za mzee wangu nilizitazama, hazina tatizo. Na hapa lazima niwe muungwana. Mwezi mchanga ni uzi wa nuru juu ya anga ambayo bado ina nuru, na uwezo wa kutenganisha nuru mbili zinazokaribiana ubao wangu haupimi. Tena anga tupu haina cha kulishika jicho, likilegea hulenga karibu, na uzi wa mbali unayeyuka. Mvuvi aliyevua miaka 40, aliyekaza jicho kwenye ncha ya mlingoti, anayejua hasa pahala pa kutazama, anaweza kumshinda kijana wa 6/5, anayesoma hata mstari wa chini ya 6/6. Na anaweza pia, kwa kujua hasa pahala pa kutazama, kuuona usiokuwepo. Mambo haya mawili kwa ndani yanahisika sawasawa.

Mie mwenyewe, nikishajua presha ya mgonjwa iko juu, neva yake naiona imeliwa zaidi. Siku hizi natazama neva kwanza, presha napima baadaye. Bado mwenzangu wa chumba cha pili, akikadiria neva ile ile imeliwa kiasi gani, huandika namba nyingine.

Cheti nilimwandikia. "Amesoma mstari wa 6/6, macho yote mawili, saa 4 asubuhi, mita 6. Mwezi haukupimwa." Akakisoma bila miwani, akakikunja, akatia mfukoni. "Muhuri unatosha," akasema. "Kule hawasomi."