"Tovuti hii imezuiwa": dhana potofu kuhusu intaneti ya kazini

Ukurasa wenye maneno "Tovuti hii imezuiwa" ukitokea kwenye skrini ya kompyuta ya kazini, lawama zote humwangukia mtu wa TEHAMA. Naye akishalaumiwa kutwa nzima, huanza kumwona kila anayeomba kufunguliwa tovuti kuwa mkorofi. Ugomvi huu unaumiza kazi na watu, na sehemu kubwa yake inatokana na mambo yasiyo ya kweli.

Dhana: Watu wa TEHAMA ndio wanaoamua tuone nini.

Kwa kawaida uongozi ndio huamua aina za tovuti za kufunga: kamari, ngono, mitandao ya kijamii na kadhalika. Kupanga ni tovuti ipi iingie kundi lipi ni kazi ya kampuni inayouza kichujio, yaani programu inayozuia tovuti, na sehemu kubwa hufanywa na mashine. Mashine hukosea. Mwaka 1996, wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujisajili AOL, kampuni ya huduma za intaneti, kwa sababu kichujio kiliona tusi ndani ya jina la mji wao. Vichujio vya leo ni bora zaidi, lakini vingi huzuia anwani zilizosajiliwa karibuni, maana matapeli huzipenda. Kwa hiyo mhasibu akikuta tovuti ya mteja mpya imefungwa, huenda hakuna binadamu aliyewahi hata kuitazama.

Ombi la "mtandao haufunguki" humwacha fundi akibahatisha. Mtumie anwani kamili, saa ulipojaribu, na kazi uliyotaka kuifanya.

Dhana: Wanasoma kila ninachoandika.

Hapa jibu linategemea kifaa. Tovuti nyingi siku hizi hutumia HTTPS, ambayo hufumba mawasiliano, yaani huyageuza yasisomeke njiani. Kwa simu yako binafsi iliyounganishwa na Wi-Fi ya ofisi, msimamizi kwa kawaida ataona jina la tovuti, muda, na kiasi cha data, lakini si ujumbe wenyewe. Kompyuta ya mwajiri ni habari nyingine. Akiwa ameweka humo cheti chake cha usalama, yaani kitambulisho cha kidijitali ambacho kivinjari hukiamini, kifaa cha katikati kinaweza kuyafumbua mawasiliano, kuyakagua, kisha kuyafumba tena kabla hayajaendelea na safari. Unaweza kujionea mwenyewe: bonyeza alama iliyo kando ya anwani kwenye kivinjari, fungua maelezo ya cheti, utazame aliyekitoa. Ukikuta jina la mwajiri wako kwenye tovuti isiyo yake, ujue mawasiliano hayo yanafumbuliwa njiani. Sehemu nyingi huacha tovuti za benki na afya nje ya ukaguzi huo, lakini usidhani tu, uliza.

Hali fiche ya kivinjari (incognito) nayo haikufichi kwa mwajiri. Inachofanya ni kutohifadhi historia kwenye kompyuta ile.

Je, mwajiri ana ruhusa ya kutazama apendavyo? Bogdan Bărbulescu wa Romania alifukuzwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri kufuatilia ujumbe wake wa Yahoo Messenger. Septemba 2017, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba mahakama za nchi yake hazikulinda faragha yake ipasavyo. Moja ya mambo iliyoyatilia mkazo ni kama mfanyakazi aliarifiwa mapema kuhusu ufuatiliaji huo na ukubwa wake. Kwangu hilo ndilo jambo la kwanza la kudai kazini: sera iliyoandikwa, inayosema wazi kinachorekodiwa na nani anaweza kukisoma.

Dhana: VPN ya bure inamaliza tatizo.

VPN ni huduma inayopitisha mawasiliano yako yakiwa yamefumbwa kupitia kompyuta ya mtu mwingine. Huficha unachofanya, lakini yenyewe huonekana kwenye mtandao. Na ya bure inaweza kukugharimu zaidi. Mei 2024, Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa kompyuta zilizotekwa na wahalifu ulioitwa 911 S5, uliohusisha anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti) zaidi ya milioni 19. Kompyuta nyingi ziliingizwa humo kupitia VPN za bure kama MaskVPN na DewVPN, wenye kompyuta bila kujua.

Dhana: Natembelea tovuti zinazoheshimika tu, sina hatari.

Machi 2016, matangazo yenye programu hasidi yalipenya hadi kwenye kurasa za BBC na New York Times.

Dhana: Tukiwafungulia, hawatafanya kazi.

Hii ni ya wakubwa. Brent Coker wa Chuo Kikuu cha Melbourne alieleza mwaka 2009 kwamba waliokuwa wakiperuzi mambo yao kwa chini ya asilimia 20 ya muda wa kazi walikuwa na tija zaidi kwa takriban asilimia 9. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, lakini anayetaka kuzembea ana simu mfukoni.

Hoja ya kasi ina uzito zaidi. Video ya HD hula kama megabiti 5 kwa sekunde. Watu 20 wakitazama pamoja, laini ya megabiti 100 imejaa. Hata hivyo, video zinaweza kuwekewa kikomo cha kasi badala ya kufungwa kabisa, na mwenye kujifunza kazi kwa video asiadhibiwe.

Nawasihi pia mafundi waubadilishe ukurasa wenyewe wa zuio. Uandikwe tovuti imewekwa kundi gani, kwa nini kundi hilo limefungwa, kitufe cha kuomba ifunguliwe, na ombi litajibiwa ndani ya muda gani.