Nyumba ya kupangisha Mombasa: yanayosemwa, na hesabu yenyewe

Ukiwa na fleti ya vyumba viwili Bamburi au Nyali, haupiti mwezi bila mtu kukushauri umtoe mpangaji uifanye BnB, yaani nyumba ya kulaza wageni wa siku chache. Hesabu atakayokupigia ni fupi: usiku mmoja shilingi 4,500, mara 30, hiyo ni 135,000, na wewe umeng'ang'ania mpangaji wa 35,000. Ni hesabu tamu, na imemeza kiinua mgongo na mikopo ya sacco ya watu wa kawaida wasio na pesa za kuchezea. Kasoro yake ndiyo iliyo ndani ya karibu kila dhana potofu ya biashara hii: mtu anatazama pesa inayoingia kwenye simu, hatazami inayobaki.

Tuanze na hiyo hiyo ya BnB. Wageni wa Pwani wana misimu yao. Desemba, Pasaka na likizo ya Agosti nyumba hujaa, na mwisho wa mwaka hata tiketi ya treni ya SGR kutoka Nairobi huwa ya kugombaniwa. Masika yakishika, Mei na Juni, wiki nzima hupita mlango haujafunguliwa. Kwa hiyo chukua mwezi wa kawaida, tuseme wageni watano waliolala jumla ya usiku 12. Zimeingia 54,000. Sasa toa. Usafi kila mgeni akiondoka, 800 mara tano, ni 4,000. Kufua shuka na taulo, 2,500. Tokeni za stima 5,000, kwa sababu mgeni aliyelipia kiyoyozi hukiacha kikinguruma hata akiwa ufukweni. Maji ya bauza, yale ya lori la tangi, 3,000, intaneti 3,000, gesi 1,200, sabuni na tishu na maji ya kunywa 1,500. Kijana anayepokea wageni na kuwapa funguo anachukua asilimia 10, yaani 5,400. Jumla imetoka 25,600 na umebaki na 28,400.

Mpangaji wa 35,000 analipa stima na maji yake mwenyewe. Ukitoa ushuru wa kodi ya nyumba, ambao nitaueleza baadaye, unabaki na 32,375. Kwa gharama hizi BnB inahitaji usiku 14 kila mwezi ili ifikie hapo. Ukiongeza vitanda, friji, televisheni, makochi na vyombo, tuseme 350,000 za kudumu miaka minne, unahitaji usiku 17, na bado hujagusa ushuru wa mapato ya BnB yenyewe. Bei zako zitakuwa tofauti na hizi, lakini mistari ya kutoa ni ile ile, na haifai kuruka hata mmoja.

Sisemi BnB hailipi. Nyumba iliyo hatua chache kutoka baharini, yenye maji ya uhakika na lifti inayofanya kazi, na mwenyewe yuko karibu kuisimamia, inaweza kumpita mpangaji wa mwaka kwa mbali. Iliyo ndani ndani, ghorofa ya nne bila lifti, inasimamiwa kwa simu kutoka Nairobi au Doha, hiyo ndiyo huliwa. Na kuna njia ya katikati ambayo watu huisahau: kupangisha nyumba ikiwa na samani kwa mwezi mmoja hadi sita. Mhandisi aliyeletwa kwenye mradi bandarini, daktari wa mkataba mfupi, familia iliyorudi kutoka ng'ambo ikijenga ya kwake, hawa wanalipa zaidi ya mpangaji wa kawaida na hawakuchoshi kwa kubadilisha shuka kila siku ya pili.

Kabla hujanunua hata kitanda, soma kanuni za jengo. Wengi huamini kuwa mwenye hati ya fleti hufanya atakalo ndani ya kuta zake. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, wenye fleti ni wanachama wa shirika linalosimamia jengo, na shirika hilo lina kanuni. Yako majengo ambayo majirani wamechoka na wageni wa usiku, masanduku kwenye ngazi na muziki wa saa nane za usiku, na wamebana kabisa ukodishaji wa siku chache. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya kuweka samani.

Wengine husema BnB ni nyumba tu, haina leseni wala daftari. Serikali ya Kenya inaihesabu kuwa huduma ya malazi ya wageni, na inasimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kukodi za siku chache jijini Nairobi, wenye nyumba hizo waliambiwa wazi kwamba ni lazima wajisajili. Hata kwenye ushuru zinatengwa: nyumba ya kuishi haitozwi VAT (ushuru wa ongezeko la thamani), lakini sheria ya VAT inasema maana ya nyumba ya kuishi haijumuishi hoteli wala malazi ya likizo.

Suala la kumjua mgeni ni la uhai wa watu, tulichukue kwa uzito. Jina lililo kwenye kitambulisho liwe la mtu aliyesimama mlangoni, na kila anayelala aandikwe, si yule tu aliyelipa. Lakini picha ya kitambulisho cha mtu si ya kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la wenye nyumba eti "mjihadhari na huyu". Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhesabu wewe kuwa mtunzaji wa taarifa hizo. Na kamera iwe getini au koridoni, kamwe isiwe ndani. Airbnb yenyewe, jukwaa la mtandaoni la kukodi nyumba kama hizi, ilipiga marufuku kamera za ndani ya nyumba duniani kote kuanzia tarehe 30 Aprili 2024.

Turudi kwa mpangaji wa muda mrefu, maana huko ndiko kwenye dhana zinazoumiza watu zaidi.

"Hana mkataba wa maandishi, hana haki." Hii utaisikia kutoka Kisauni hadi Likoni, na si kweli. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakubali upangaji wa miaka miwili au pungufu kufanywa kwa mdomo. Mtu akilipa kila mwezi na hamkutaja mwisho, ana upangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuuvunja, awe mwenye nyumba au mpangaji, lazima atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayoishia siku ya kulipa kodi. Maandishi yanakusaidia wewe zaidi kuliko yeye: yanaonyesha kodi ilikuwa ngapi, dipositi ilikuwa ngapi, nani anatengeneza nini. Nao mkataba ulioandikwa upigwe stempu. Kwa upangaji usiozidi miaka mitatu ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na karatasi isiyopigwa stempu hukwama mahakamani siku unapoihitaji.

Kutoka hapo inazaliwa dhana iliyo mbaya kuliko zote: kwamba mpangaji akichelewa unaruhusiwa kufunga mlango kwa kufuli lako, kukata maji, kung'oa mlango au kubandua mabati. Nimeona vitu vya familia vikiwa nje kwenye mvua, godoro la mtoto limelowa, sufuria zimepangwa ukutani mwa jirani, kwa deni la miezi miwili. Hakuna sheria inayompa mwenye nyumba nguvu hiyo. Kwa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inahitaji amri ya mahakama ya kodi za nyumba kabla ya kumtoa mtu, na inafanya kumkatia mpangaji huduma kuwa kosa. Kiwango hicho ni cha zamani sana, nyumba nyingi za leo zimekipita, lakini kukipita hakukugeuzi wewe kuwa hakimu. Kwa kodi kubwa zaidi mzozo unaenda kwenye mahakama za kawaida, na mwenye nyumba aliyejichukulia sheria mkononi hujikuta ndiye anayelipa fidia. Hata kushika mali kwa ajili ya deni ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni, si ya mlinzi wa ploti na vijana wawili.

Kinachosaidia ni kuwahi. Mpangaji mwema anayeanza kuyumba huonekana tarehe 8 au 10, si mwezi wa tatu. Mpigie, muulize kuna nini, mkubaliane alipe kidogo kidogo, muandikiane hata kwa ujumbe wa simu. Ikiwa kazi imeisha na hakuna dalili, mara nyingi ni nafuu kumsamehe mwezi mmoja ahame kwa amani kuliko kuvutana miezi sita. Najua hilo linauma mwenye mkopo wa kulipa. Bado ndilo linalopunguza hasara.

Dipositi nayo. Wenye nyumba wengi huichukulia kama kodi ya mwezi wa kumi na tatu. Ni pesa ya mpangaji uliyowekewa amana, na unakata tu kilichoharibiwa au kisicholipwa. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ni uchakavu wa kawaida. Sinki iliyopasuka si uchakavu. Piga picha za kila chumba siku anapoingia, mbele yake, pamoja na mita ya maji, na mabishano ya siku ya kutoka yataisha kwa nusu saa. Na ile pesa isiguswe. Anayelipa dipositi ya mpangaji anayetoka kwa dipositi ya anayeingia atakwama siku wawili wakitoka pamoja.

Kuhusu ushuru, husemwa kuwa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, inawatafuta wenye magorofa tu. Ushuru wa mapato ya kodi za nyumba za kuishi unamhusu yeyote mkazi anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. 288,000 ni 24,000 kwa mwezi. Vyumba vinne vya 6,000 vinakufikisha hapo. Kiwango kilikuwa asilimia 10 tangu 2016, kikashushwa hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024, na unalipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vyumba sita vya 6,000 vilivyolipa vyote ni 36,000, ushuru 2,700. Hutozwa juu ya kodi uliyopokea, kabla ya kutoa chochote, kwa hiyo riba ya benki na bili ya fundi havikupunguzii kitu. Mwenye mkopo mkubwa akae na mhasibu, kwa sababu sheria inamruhusu kuomba kwa maandishi atoke kwenye mfumo huu na alipe ushuru wa kawaida juu ya faida.

Kupandisha kodi kila Januari kunaonekana kama njia rahisi ya kuongeza mapato. Ukitoka 20,000 hadi 22,000 umeongeza 24,000 kwa mwaka. Mpangaji akihama na nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja na nusu, umepoteza 33,000, bado rangi na ajenti. Mpangaji anayelipa kwa wakati na kutunza nyumba ana thamani ambayo haionekani kwenye risiti, na kodi yake inastahili kuguswa kwa uangalifu.

Pwani kuna dhana moja yetu wenyewe: ukichimba kisima, tatizo la maji limekwisha. Maji matamu ya mfereji mjini ni ya mgawo, kwa hiyo kisima ni msaada wa kweli, lakini kisiwani na karibu na bahari mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Tazama bomba la jikoni baada ya miaka miwili: ukoko mweupe shingoni, mpira wake wa ndani umeliwa, linadondoka usiku kucha. Shawa ya umeme ya kawaida huungua kifaa chake cha kupasha moto, ndiyo maana mafundi wa huku huuliza kwanza kama maji ni ya chumvi kisha wanakutajia ile iliyotengenezwa kwa maji hayo. Kisanduku cha nje cha kiyoyozi nacho hushika kutu kwa upepo wa bahari. Tenga sehemu ya kodi ya kila mwezi kwa mambo haya, weka tangi la pili la maji matamu ya kupikia, na utumie koki za plastiki ngumu pale zinapofaa.

Na kwa walio mbali: kumpa ajenti nyumba hakukuondoi kwenye kazi, kunabadilisha tu kazi yako kuwa ya kukagua. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, na bodi inayowasajili, kwa hiyo muulize namba yake ya usajili kabla hujamkabidhi funguo. Wapangaji walipe kwenye paybill au akaunti yenye jina lako, kisha wewe ndiye umtumie ajenti ujira wake. Keateka, yaani mtunza jengo, alipwe mshahara wa kweli na kwa wakati, na bili ya fundi ije na picha ya kilichoharibika na picha ya kilichowekwa.