"Si ni familia moja, mwalimu?"

Swali hili la chipu za Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, nimelijibu hadi ulimi umeota sugu. Juzi tena kijana kaniletea Raspberry Pi 2 ndani ya bahasha, anasema imeungua. Butiloda yake (programu inayoanza bodi inapowashwa) iliwasha LED vizuri kwenye Pi ya kwanza, kaihamisha kama ilivyo, taa kimya.

Haijaungua. Kwenye BCM2835, chipu ya Pi ya kwanza, rejista za GPIO (vyumba vya kuamuru pini za bodi) zinaanzia 0x20200000. Kwenye BCM2836 ya Pi 2 zinaanzia 0x3F200000. Na ile anwani ya zamani sasa ni RAM! Pi 2 ina GB 1, hivyo 0x20200000 inaangukia MB ya 514, katikati ya kumbukumbu. Prosesa inaandika humo bila kinyongo, wala hupati kosa. Kijana aliniapia kwamba rejista "inajibu", kwa kuwa akiisoma anakuta alichoandika. Aliyoiandikia ni GPSET0, rejista ya kuandika tu, isiyorudisha ulichoandika. Hilo peke yake lingemshtua.

Wanachorithi ndugu hawa ni umbali kutoka msingi, yaani anwani ambako vifaa vya chipu vinaanzia. GPIO iko 0x200000, PL011 (ya mawasiliano ya serial) iko 0x201000, mailbox (ya kuzungumza na GPU) 0xB880. Msingi ndio unaohama: 0x20000000, kisha 0x3F000000 kwa Pi 2 na 3, kisha 0xFE000000 kwa BCM2711 ya Pi 4. Basi umbali uandike mara moja, msingi uwe kigeu. Mimi husoma MIDR, rejista inayotaja aina ya prosesa, kabla sijagusa kitu kingine chochote, biti 4 hadi 15: 0xB76 ni ARM1176, 0xC07 Cortex-A7, 0xD03 A53, 0xD08 A72. U-Boot, butiloda maarufu, nayo ina kigeu chake, rpi_bcm283x_base, na ukikitumia kingali sifuri inagoma palepale. Ndivyo inavyotakiwa.

"Mbona kitabu cha chipu kinasema 0x7E200000?" Hiyo ni anwani ya basi (bus), njia ya data ndani ya chipu, si ile anayoiona prosesa. Toa 0x7E000000, jumlisha msingi wako.

"#ifdef, kuchagua msingi wakati wa kukompaili, inatosha." Inatosha kwa anayependa kutunza imeji tatu na kusahau ipi iko kwenye kadi ipi.

"Umbali ukilingana, kazi ni ileile." Jaribu pull-up, kipingamizi kinachoivuta pini juu, kwenye Pi 4. Njia ya GPPUD, rejista ya zamani ya kazi hiyo iliyo 0x94, haifanyi kazi tena. Rejista mpya zinaanzia 0xE4. Msingi umeupata sawasawa, na kitufe chako bado kinaelea.