Panga boi lisigande

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu picha zangu za ndege za zamani halihusu bei ya kamera wala urefu wa lenzi. Watu huniuliza: mbona kwenye picha zako panga boi linazunguka, na kwenye zangu limeganda? Nimekuwa nikijibu vipande vipande, mstari mmoja huku na mwingine kule. Leo nimekaa nilijibu lote kwa utulivu, maana ukilielewa hili, mambo mengi ya upigaji picha huu yatajipanga yenyewe.

Naishi Bedford, Uingereza. Si mbali na kwangu kuna kiwanja kidogo cha ndege cha majani kinachoitwa Old Warden, makao ya mkusanyo wa Shuttleworth. Aliyeuanzisha mwaka 1928 ni kijana Richard Shuttleworth, mpenzi wa magari na ndege kuukuu. Alifariki Agosti 1940 katika ndege ya mafunzo ya usiku, na mama yake ndiye aliyehakikisha kazi ya mwanawe haipotei. Ninachokipenda Old Warden ni kwamba ndege hazikuwekwa za kutazamwa tu. Zinaruka. Jioni ya kiangazi unaweza kukaa kwenye majani na chupa yako ya chai, ikapita mbele yako ndege iliyoundwa kabla bibi yako hajazaliwa.

Msimu wangu wa kwanza nilirudi nyumbani na picha mia tisa. Nilikuwa nimeweka shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, kwenye 1/1000, sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa sababu nilifundishwa kwamba kitu chenye kasi kinataka shata ya kasi. Nilipozifungua kwenye kompyuta, kila msumari ulionekana, kila mshono wa kitambaa cha bawa ulionekana, na ndege zote zilikuwa zimekufa. Ndiyo, zimekufa. Ndege iliyo angani huku panga boi limesimama wima kama mwiko ukutani ni ndege iliyozimika injini. Jicho la mtazamaji linalijua hilo hata kama mdomo wake haulisemi. Ndege ya jeti unaweza kuipiga kwa 1/2000 na usidaiwe kitu, kwa kuwa kinachoisukuma kimefichwa ndani. Ndege ya panga boi inakuonyesha pumzi yake waziwazi, na shata ya kasi inaikata pumzi hiyo.

Sasa tufanye hesabu, nayo si ngumu. Chukua Sopwith Pup, ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Kwanza, yenye injini ya Le Rhône ya silinda tisa. Panga boi lake linazunguka takriban mara 1200 kwa dakika, yaani mara 20 kwa sekunde. Kwa shata 1/1000, panga boi linasogea nyuzi 7 tu. Hapo limeganda. Kwa 1/125 linasogea nyuzi 58, na unaanza kuona kivuli cha mzunguko. Kwa 1/60 linasogea nyuzi 120, theluthi nzima ya duara. Panga boi la Pup lina mapanga mawili, kwa hiyo ukitaka duara lijae pote ni lazima kila panga lizunguke nusu duara, nyuzi 180, na hilo linataka 1/40. Kushika lenzi ndefu kwa mkono kwa 1/40 huku ukifuata kitu kinachopita ni kazi ya mazoezi ya miaka.

Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba Spitfire, ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na mngurumo wake wote, panga boi lake linazunguka polepole kuliko la Tiger Moth ya kufundishia. Sababu ni gia. Injini ya Merlin iliyomo ndani ya Spitfire haikufungwa moja kwa moja kwenye panga boi. Kuna gia katikati inayopunguza mzunguko hadi chini kidogo ya nusu. Injini ikizunguka mara 2400 kwa dakika, panga boi linazunguka kama mara 1150. Tiger Moth haina gia hiyo: injini ikienda 2000, na panga boi ni 2000. Kwa hiyo 1/250 inayokupa mzunguko wa kuridhisha kwenye Tiger Moth itaiacha Spitfire ikiwa nusu imeganda. Mtu anayeweka shata moja asubuhi na kuiacha mpaka jioni atapata ndege moja na kuikosa nyingine, na hatajua kwa nini. Mimi nasoma ratiba ya siku kabla ya kuondoka nyumbani na kuandika kando ya kila ndege shata yake. Tiger Moth 1/160. Spitfire 1/100. Pup 1/60, na mkono ukiwa mtulivu, 1/40.

Nikae kidogo kwenye injini ya Pup, maana ndiyo iliyoniteka moyo. Katika injini ya aina ile silinda zenyewe zinazunguka. Mhimili umefungwa kwenye ndege, na injini nzima inazunguka pamoja na panga boi, silinda zote tisa. Ulainishaji wake unatumia mafuta ya mbarika, yaleyale ya nyonyo ambayo bibi zetu walitunywesha tukiwa na tumbo, kwa sababu hayachanganyiki kwa urahisi na petroli. Mafuta hayo hayarudi kwenye tangi. Yakishafanya kazi yanatupwa nje na moshi. Ndege ikipita karibu, harufu yake inakufikia sekunde chache baadaye, harufu nzito, tamu kidogo. Mara ya kwanza niliponusa harufu ile pale Old Warden nilisimama nimeishusha kamera, nikajikuta nyumbani kwa bibi.

Injini hiyo ina jambo lingine ambalo mpiga picha anapaswa kulijali. Rubani hapunguzi nguvu kama dereva anavyoachia mafuta. Akitaka kutua anabonyeza kitufe kinachokata cheche, injini inanyamaza, anaachia, inanguruma tena. Ukiwa chini unasikia: vuu, kimya, vuu, kimya. Kwenye kimya mzunguko unashuka, na shata uliyoichagua haitoshi tena. Piga wakati wa mngurumo. Katika picha hizi sikio linafanya kazi kabla ya kidole.

Sasa mwili. Shata ikishakuwa ya polepole, kila mtikisiko wako unaandikwa kwenye picha. Panga miguu ielekee pale unapotaka kumalizia, si pale ndege inapotokea. Kisha zungusha kiuno kuipokea ndege kutoka mbali. Hivyo inapofika mbele yako mwili unajifungua badala ya kujikaza. Viwiko vibane mbavuni, mkono wa kushoto ubebe lenzi kwa chini, karibu na mbele. Anza kuifuata ndege mapema, kabla hujabonyeza chochote, mpaka mwendo wako na wa kwake vilingane, kisha bonyeza polepole, na usisimame baada ya kubonyeza. Endelea kuifuata kama vile bado unapiga. Wanaoanza huharibu hapo: kidole kinabonyeza, kiuno kinasimama, picha inavunjika. Kama lenzi yako ina kizuia mtikisiko chenye hali ya kufuatisha, iwashe hiyo, maana hali ya kawaida itapigana na mzunguko wako. Na fokasi uielekeze kwa rubani. Ncha ya bawa ikififia kidogo watu watasamehe, uso wa rubani hawatausamehe.

Kubali pia kwamba utatupa picha nyingi. Mimi kwa 1/60, katika picha mia nabaki na nane au kumi, na siku hiyo nahesabu nimefanikiwa.

Kuna mtego ambao sioni ukisemwa vya kutosha. Shata ya polepole mchana wa jua inaingiza mwanga mwingi mno. Kamera, ikiachiwa, itaziba tundu la lenzi mpaka f/20 au zaidi (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na hapo kila punje ya vumbi iliyokaa kwenye sensa, kile kibamba kinachopokea picha, inajitokeza angani kama doa. Anga tupu haina pa kuficha. Niliwahi kukaa usiku kucha nikifuta madoa kwenye picha za siku moja. Siku hizi naweka kichujio cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, tundu linabaki f/8 au f/11, picha inakuwa kali zaidi, na sensa naisafisha kabla ya msimu.

Mwanga wenyewe una tabia zake. Wingu jeupe likiwa nyuma ya ndege nyeusi, kamera inadanganyika na kukupa kivuli cha ndege badala ya ndege, kwa hiyo ongeza mwanga karibu hatua moja, yaani karibu maradufu. Ndege nyeupe inataka kinyume. Old Warden kuna Percival Mew Gull, ndogo, nyeupe, mabawa yake ncha kwa ncha hayafiki mita 8. Ndiyo hiyohiyo aliyoirusha rubani Alex Henshaw kutoka Uingereza hadi Cape Town na kurudi, Februari 1939, kwa siku 4, saa 10 na dakika 16, akiwa peke yake. Nikiongeza mwanga kwa ndege ile, mistari yake yote inayeyuka ikawa kama karatasi. Napunguza theluthi moja ya hatua, na umbo lake linarudi.

Duxford, uwanja mkubwa wa makumbusho ya vita karibu na Cambridge, una shida yake: watazamaji wanaangalia upande wa kusini, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku jua liko machoni pako. Wengi hupiga tangu saa nne asubuhi na kulalamika. Mimi mchana nakula, naongea na mafundi, natembea kwenye mabanda. Kuanzia saa kumi jioni jua limeshahamia magharibi, mwanga unaingia kwa ubavu, na pia ule mvuke wa joto unaotetemesha picha juu ya lami unakuwa umepungua. Mvuke huo hakuna lenzi inayoutibu, hata ya bei ya gari.

Wapo wanaonung'unika kwamba ndege siku hizi zinapita mbali. Baada ya ajali ya Shoreham ya Agosti 2015, ambapo jeti ya Hawker Hunter ilianguka barabarani na kuua watu 11, sheria za umbali zilikazwa. Sina neno la kulalamika. Picha haizidi mtu.

Kule Duxford huwa naisubiri Dragon Rapide kuliko Spitfire, na jirani zangu kwenye uzio hawanielewi. Ni ndege ya abiria ya mbao na kitambaa, mabawa mawili juu na chini, injini mbili. Shirika la East African Airways lilipoanza kazi mwaka 1946 lilianza na ndege za aina hii. Babu yangu aliziona Unguja akiwa kijana, na alizoea kutuigizia sauti yake kwa midomo. Kuipiga kunataka subira, kwa sababu injini zake mbili hazilingani sawasawa, na mara nyingi panga boi moja limejaa vizuri huku la pili likiwa katika pembe mbaya. Natumia 1/125, napiga mfululizo mfupi wa picha nne au tano, kisha natafuta ile ambayo yote mawili yamekubaliana.

Ninyi mlio Dar, Mombasa au Bujumbura mtasema, sisi maonyesho hayo tutayapata wapi? Mazoezi hayangoji maonyesho. Panga boi la darini kwako linazunguka labda mara 300 kwa dakika. Lipige kwa 1/15, utapata mzunguko uleule wa nyuzi 120 ambao mimi naupata kwa Pup kwa 1/60. Badilisha shata, linganisha, utaielewa hesabu yote bila kutoka sebuleni. Kisha nenda ukasimame kando ya barabara ufuatishe bajaji kwa 1/60 mpaka uso wa dereva ukae mkali na maduka nyuma yake yawe mistari. Bajaji ni shule nzuri kweli, maana haiendi kwa mwendo mmoja. Ukitaka ndege zenyewe, uliza ruhusa kabla ya kutoa kamera karibu na kiwanja chochote.

Jioni moja Old Warden upepo ulitulia kabisa, kile kifuko cha kuonyesha upepo kikaning'inia kama soksi kwenye kamba. Hapo ndipo wanapozitoa zile kongwe kabisa, kwa sababu upepo mdogo tu unazishinda. Wakaisukuma Blériot ya mwaka 1909, ndege ya mwaka uleule ambao Louis Blériot mwenyewe alivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Hairuki mbali siku hizi, inanyanyuka kidogo juu ya majani, inakwenda mbele, inashuka. Injini yake ina silinda tatu. Umati wote ulinyamaza tukasikia kila mpigo. Niliweka 1/40, nikabana viwiko, nikaanza kumfuata rubani tangu magurudumu yakiwa bado chini. Nilipiga picha kumi na moja. Kumi zilitikisika. Katika moja, magurudumu yameachana na majani kwa kimo cha goti, rubani ameinama mbele kidogo, na mbele yake pana duara jepesi la mbao ambalo unaona miti kupitia ndani yake.